Gaudiosa na Njia ya Tembo wa Mgogozi

Mwaka 1974, familia ya Donati ilipoteremshwa kutoka milimani na kuletwa Mgogozi, kijiji kipya cha ujamaa kati ya Kilosa na Mikumi, Gaudiosa alikuwa na miaka kumi na mitano, yumo darasa la saba. Watu wazima waliililia migomba yao iliyobaki huko juu. Yeye hakulia sana. Kule mlimani wanyama wakubwa walikuwa hadithi za babu. Huku bondeni, asubuhi ya kwanza alipokwenda kuteka maji, alikuta nyayo pana kama ungo zimekauka kwenye tope. Akatua ndoo, akasimama ndani ya unyayo mmoja kwa miguu yake yote miwili, na nafasi ikabaki.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alijitafutia kipande cha kamba ya katani, akawa anauzungushia kila unyayo anaoukuta, anapiga fundo, kisha anaandika nyuma ya daftari la hesabu: tarehe, ukubwa, mnyama alikotoka na alikoelekea. Mama yake, Filomena, alidhani ni mchezo utakaokwisha wenyewe. Baba yake hakuupenda kabisa. Donati alikwisha kuamua siku nyingi kwamba binti yake atakuwa muuguzi wa hospitali, na alimweleza hivyo kila mgeni, hata wageni wengine wakawa wanamsalimu Gaudiosa kwa jina la nesi.

Mahindi ya shamba la ujamaa yalipoanza kukomaa, tembo wakaingia. Watu walipiga madebe na kuwasha moto, lakini ekari nzima ilikwenda. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marko, akapeleka habari Kilosa, na baada ya siku nne akaja ofisa wa wanyama, Melkizedek, mtu wa Upareni asiye na maneno mengi. Watu walimwita Bwana Nyama, kama walivyowaita wote wa kazi ile. Siku ya pili alfajiri akamwangusha tembo mmoja kando ya shamba, wengine wakakimbia.

Asubuhi hiyo kijiji kizima kilikuwa pale na visu na vikapu. Gaudiosa alikuja na daftari. Alijipenyeza hadi kwenye mguu wa mbele, akauzungushia kamba, na fundo la unyayo mkubwa kuliko zote likaangukia palepale. Huyu ndiye yule mkubwa aliyemfuata kwa miezi miwili, aliyemwandika kila ukurasa kuwa ni dume. Lakini kifuani, kati ya miguu ya mbele, matiti yalikuwa yamejaa maziwa. Gaudiosa akachuchumaa, akaanza kufuta neno “dume” ukurasa baada ya ukurasa, na juu yake akaandika: jike, ananyonyesha.

Melkizedek alimwona. Katika shangwe yote ile, mtu mmoja tu alikuwa anaandika. Akamsogelea, akapokea shikamoo yake, akamuuliza anafuta nini.

“Nilikosea,” Gaudiosa akasema. “Nilidhani ni dume kwa sababu ya ukubwa wake. Kumbe ni mama.”

Bwana Nyama akaliomba daftari, akalisoma amesimama, tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza akauliza kwa nini mishale yote aliyochora inaelekea upande mmoja. Gaudiosa akamweleza kuwa tembo hawa hawakufuata mahindi. Walikuwa wanakwenda kunywa kwenye bwawa lililo ng'ambo ya shamba, na njia yao ilikuwapo kabla ya kijiji. Shamba ndilo lililolimwa juu yake.

“Ukiua mwingine, Bwana, wa tatu atapita hapohapo. Hawana njia nyingine.”

Nyama iligawiwa, na Filomena akapata fungu lake. Gaudiosa alikula, maana kitoweo kama hicho hakikuwa cha kila siku.

Melkizedek alikuwa aondoke siku hiyo. Akabaki siku mbili zaidi, akitembea nyuma ya msichana wa darasa la saba. Gaudiosa alimwonyesha miti iliyopakwa tope na migongo ya tembo, akamwonyesha njia iliyokanyagwa ikawa ngumu kama barabara, inaingia kwenye mahindi upande huu na kutokea upande wa pili bila kupinda. Melkizedek naye akamfundisha jambo moja: ukizidisha mzingo wa unyayo wa mbele mara mbili, umepata urefu wa tembo hadi begani. Gaudiosa akalirudia mara tatu kimoyomoyo asije akalisahau.

Kwenye mkutano wa kijiji Melkizedek aliomba kipande cha shamba kiachwe wazi. Mzee Marko akakataa. Hesabu ya ekari ilikwisha kupelekwa wilayani, akasema, na nani angekwenda kueleza kwamba shamba limepungua? Melkizedek akajibu kwamba ataandika barua yeye mwenyewe, na hata hivyo watu wakaendelea kubishana. Ndipo Donati akasimama, mtu ambaye hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya watu.

“Mimi mtoto huyu namtaka hospitali,” akasema. “Kumwona akikimbilia mavi ya tembo kunaniuma. Lakini hajawahi kuniambia jambo asilolijua. Akisema pana njia, pana njia.”

Wakakubaliana kulima upande wa kilima badala yake. Msimu uliofuata tembo walipita. Hawakuwa malaika, mistari kadhaa ya pembeni ililiwa, na Mzee Marko hakuacha kunung'unika. Ila bunduki haikuitwa tena.

Kabla ya hayo, siku Melkizedek alipokuwa anaondoka, Gaudiosa alimuuliza afanye nini ili aipate kazi kama yake. Bwana Nyama hakucheka. Alimwambia ukweli kwamba hajamwona mwanamke katika kazi ile, na kwamba huenda wakamkataa. Asome, hasa elimu ya viumbe, na miguu yake aitunze.

Wakamkataa kweli. Alipomaliza kidato cha nne, barua ilirudi ikisema kazi haiwafai wasichana. Donati alikuwa na fomu ya uuguzi tayari mfukoni. Gaudiosa akapiga magoti, akamwomba baba yake radhi, akasema hataijaza.  Wiki moja baadaye Donati akamsindikiza hadi stesheni ya Kilosa, amembebea mfuko wa karanga, akamwangalia akipanda treni kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Alipotoka huko aliomba tena, safari hii akiwa na cheti cha jeshi na barua ya Melkizedek, na chuo cha wanyamapori kikampokea.

Mwaka 1982 alipangiwa kazi Mikumi. Wanakijiji hawakuwa na jina la mwanamke wa kazi hiyo, basi naye wakamwita Bwana Nyama, na yeye akaitika. Hakuwa na gari. Wakulima walipoleta malalamiko alikwenda nao kwa miguu, akawasikiliza kwanza, akapima nyayo, na asipojua alisema hajui.

Barua ya kwanza aliyowahi kuandikiwa na baba yake ilimfikia huko. Donati hakuuliza habari za mshahara wala za mchumba. Alieleza kwa kirefu kwamba nguruwe pori wanafukua mihogo yake, kwamba amewapima nyayo kwa kijiti, na kwamba anaomba ofisa aje aangalie.