Ramani ya Chumvi

Ramani ya Kenya niliichora kwa chumvi. Chaki haionekani kwenye mchanga wa uwanja wetu, na majivu hupeperuka, lakini chumvi hapa Marereni haikosekani. Nusu ya wazazi wa wanafunzi wangu huikwangua kila siku kwenye mashamba ya chumvi. Niliimwaga kuanzia ziwani hadi baharini, nikasimama kando nikijisifu moyoni. Kabla kengele haijalia, mbuzi wa jirani walikuwa wameshaulamba mpaka wote wa kaskazini. Nilipiga ukelele uliomtoa mwalimu mkuu ofisini. Mimi ni mtu wa Malindi mjini, nimelelewa kusema kwa adabu, ila hasira zangu haziko mbali, na mbuzi sijapata kuwapenda.

Somo lilikuwa la kuhama kwa watu: nani alitoka wapi, na kwa nini. Likisomwa kitabuni watoto husinzia, nami pia. Kwa hiyo niliwaambia kila mmoja akasimame kwao.

Wakatimka. Wengine wakajipanga Ganze na Bamba, wengine Mambrui, wengine papo hapo Marereni. Wale ambao wazazi wao walifuata kazi pwani wakaenda bara, huku wakibishana Machakos ni wapi. Msichana mmoja akabaki nje ya chumvi, mikono nyuma.

Huyo alizaliwa Marereni na hakuwa amewahi kupita Malindi. Babake alikuwa ameamua kwamba shule zikifungwa watahama, warudi kwao magharibi, karibu na ziwa, akamwangalie mamake, nyanya wa mtoto, aliyebaki peke yake. Mama wa mtoto alikuja kuniambia, akaongeza kwamba binti yake hali chakula vizuri tangu asikie habari hizo.

"Mwalimu, mimi n'simame wapi?" akauliza.

Kabla sijajibu, mvulana mmoja wa Kigiriama aliyekuwa ametanua miguu juu ya Marereni, utadhani amenunua ploti, akamjibu: "Kwenu ni bara. Si mwahama nyinyi? Nenda huko ziwani."

Darasa likacheka. Msichana akaenda ziwani, kichwa chini. Damu ilinichemka. Nilitamani kumshika yule mvulana sikio, lakini nikaona ni heri somo limshike lenyewe.

"Sasa," nikasema, "simameni walikotoka wazee wenu wa zamani kabisa, wale mnaosimuliwa nyumbani."

Kukawa na minong'ono, kisha wakaanza kusogea. Msichana akapanda juu akifuata Mto Naili, akatoka nje ya nchi. Yule mvulana alisita. Nyanyake amemsimulia mara nyingi kwamba watu wao walitoka Singwaya, kaskazini, wakiteremka kidogo kidogo. Akanitazama kwa jicho la kuomba huruma, hakuipata, akatoka Kenya kupitia palepale mbuzi walipolamba.

"Na wewe, mwalimu?" wakanipigia kelele.

Babu wa babu yangu alitoka Hadhramaut, ng'ambo ya bahari. Ikanibidi niende hadi nyuma ya ua, karibu na vyoo, huku wao wakishangilia. Pwani yote ilikuwa tupu. Niliwauliza kutoka kule kilichowahamisha wazee wao, wakanijibu kwa sauti: ukame, vita, biashara, ndoa.

"Haya, rudini kila mtu mahali alipozaliwa yeye mwenyewe!"

Sijapata kuona mtoto akikimbia vile. Msichana alifika Marereni wa kwanza, akapasimamia kwa miguu yote miwili. Mvulana akaja nyuma yake akihema, akamwangalia, akasimama ubavuni pake.

Baada ya somo, msichana alibaki kunisaidia kuzoa chumvi.

"Mwalimu, huko nikiulizwa natoka wapi, niseme wapi?"

"Sema Marereni."

"Na nikirudi huku siku moja, wakiniambia kwetu ni kule?"

Nilimwambia azoe vizuri, asiwaachie mbuzi. Usiku niliikasirikia nafsi yangu kwa jibu lile.

Shule zikafungwa, wakahama. Muhula uliofuata tulipata wanafunzi wageni, nikachora ramani tena, safari hii nikiwa na fimbo ya mbuzi mkononi. Niliwaambia wasimame walipozaliwa. Watoto wa Marereni wakasongamana mahali pao, na binti mmoja mgeni, akitafuta nafasi, akaingia kwenye kipande kidogo kilichobaki wazi kando ya yule mvulana. Nilikuwa sijakiona.

"Hapo usisimame, dada," mvulana akamwambia, bila ukali. "Pana mwenyewe. Ameenda kwa nyanyake, atarudi."

Yule mgeni akasogea. Mimi nikawapa mgongo, nikaenda kufukuza mbuzi, na siku hiyo hapakuwa na mbuzi hata mmoja.