Nyota Mbili za Mzee wa Chini

Kila nikisikia harufu ya pilipili hoho zikiungua ngozi, narudi Hopkins, mji wa ugenini tulikokimbilia, kwenye ngazi za jengo letu kuukuu, nikiwa na miaka tisa na masikio yamesimama. Mzee wa ghorofa ya chini alizichoma kila vuli, akazisaga, akatuletea chupa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, na mlango ulipofungwa akaimwaga chooni.

Chanzo kilikuwa koti. Mzee alilianika siku moja kwenye chumba cha kufulia, koti la jeshi lenye nyota mbili za dhahabu kila bega, na Baba akaliona. Kwetu Kivu, mwenye nyota hakuwahi kuja kwa heri. Tukakatazwa hata kumsalimia. Baba akaanza kutafuta nyumba Coon Rapids, mji mwingine, kwa dada yake, nami nililia sana, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimepata rafiki shuleni.

Nikaamua kumchunguza mwenyewe. Kwa nini anang'arisha viatu na haendi popote? Nililala kifudifudi, sikio kwenye zulia, nikasikia mpira wa kikapu kwenye televisheni. Hata huo niliutilia shaka.

Chupa nyingine ilipokuja, Baba alikwenda kuirudisha, akanichukua, kwa kuwa Kiingereza cha nyumbani kilikuwa mimi. Mzee alifungua akiwa na ndara.

“Umuambie nyota mbili ni jenerali meja,” Baba alisema. “Watu kama yeye njo walitufukuza kwetu.”

Nilitafsiri. Mzee hakukasirika. Alisema kwao Yugoslavia, nchi ambayo haipo tena, jenerali meja alikuwa na nyota moja. Mbili ni cheo cha juu yake, jenerali luteni kanali. Baba akabisha. Moja ni brigedia, mbili ni meja, tatu ndiyo luteni jenerali! Akaonyesha kwa kidole begani pake jinsi nyota zinavyokaa, na jinsi kipande cha bega kinavyofungwa ili kisikunje kola.

Mzee alikifuata kidole hicho kwa macho. Kisha akaniambia taratibu, “Muulize baba yako, alikuwa anamvalisha nani?”

Nikauliza. Baba aliiweka chupa sakafuni, akapanda ngazi bila kunisubiri. Kabla ya theluji ya kwanza tulikuwa Coon Rapids.

Miaka yote nilimlaumu mzee wa watu kwa kunitenganisha na rafiki yangu. Nilipofika chuo ndipo shangazi aliponieleza: kabla sijazaliwa, Baba alikuwa akimpigia pasi na kumvalisha jenerali mmoja, na askari wa huyo jenerali ndio waliochoma mtaa wa kina Mama. Mama hajui mpaka leo. Niliumia, na bado naumia. Nilidhani tumemkimbia jenerali, kumbe tulikimbia swali, na aliyemfikishia Baba swali hilo, kwa Kiswahili safi kabisa, nilikuwa mimi.