Teke la Mtoto wa Fundi

Tarehe ya kujifungua ilishapita, na tumbo la Fundi, mshona mapazia wa ghorofa ya tatu, likageuka mali ya umma. Kila mtu na dawa yake. Jirani: "Panda ngazi!" Muuza duka: "Kula tende!" Hata kinyozi, mwanamume asiyewahi kubeba mimba wala ndoo ya maji, naye eti akashauri pilipili. Jamani!

Lakini jemadari wao alikuwa mama mkwe. Alihamia na begi lake, akamwondoa Fundi kwenye cherehani. "Kukaa kunamchelewesha mjukuu wangu. Tembea!" Fundi akatembea, akapanda ngazi na kushuka, akadeki sakafu amepiga magoti. Wapi! Mgeni kajifungia ndani, hana habari na mtu.

Asubuhi moja mama mkwe alikuwa jikoni akichemsha majani yake ya kuita uchungu. Fundi akanyemelea cherehani, akaketi. Miezi yote, kila alipokanyaga pedali, mtoto alimjibu kwa teke, mpaka wakawa kama mafundi wawili wa duka moja. Akakanyaga. Kimya. Akakanyaga tena, kwa nguvu. Kimya. Akajaribu kukumbuka teke la mwisho, asilikumbuke. Katika pilikapilika zote za kumtoa mtoto, hakuna aliyemsikiliza, hata yeye mamaye.

"Mama, mtoto hachezi. Twende hospitali."

"Subiri, mwanangu, unywe kwanza hii, inaiva sasa hivi..."

"Mama! Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!"

Hakuwahi kumpandishia mkwewe sauti. Mama mkwe alizima jiko, akatoka mbio hata viatu hakuvaa.

Mkunga alisikiliza tumbo bila kutabasamu. "Mapigo yapo, ila mtoto amechoka. Umefanya vizuri kuja. Umekunywa dawa yoyote ya majani?"

"Bado."

"Afadhali." Wakamkimbiza chumba cha upasuaji.

Jioni mama mkwe aliketi kando ya kitanda, miguu ina vumbi, macho mekundu. "Nilikazana kumwambia atoke, sikumuuliza hali. Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, mama. Mshike mjukuu wako."

"Akae kwako kwanza."

Kichanga cha kike kililala kifuani pa mama yake. Chini ya shuka, mguu wa Fundi ukaanza wenyewe kukanyaga, taratibu, kama uko kwenye pedali. Mtoto akarusha teke.

Fundi akaangua kilio, na mkwewe naye akalia.