Tawi Nyuma ya Baiskeli ya Melkiori

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo bega langu la kushoto hunikumbusha kila baridi inapoingia. Ilikuwa kiangazi, miaka ile ya wakimbizi, na vumbi la kijiji chetu cha Nyamahanga lilikuwa zito kiasi kwamba kuku aliweza kupotea uani kwake mwenyewe. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, na nikwambie kweli, nilijiona nina akili za kutosha wilaya nzima na akiba ya wilaya ya jirani. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, nina cheti, na kanuni ya mwendo nilikuwa naiimba kama sala: kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda, upande uleule, mpaka nguvu nyingine ikizuie.

Lakini miaka ile kila mtu alimtilia shaka mwenzake. Watu walikuwa wamevuka mpaka kwa maelfu, na nyuma yao zikavuka habari za majambazi na bunduki zilizofukiwa mashambani. Ukinunua chumvi mara mbili kwa wiki, majirani wanajiuliza unampikia nani. Mgeni akikohoa, tulijadili amekohoa kwa lugha gani.

Kwetu alikuwepo Melkiori, Mrundi wa makamo, aliyelima kibarua kwa shangazi yangu Veronika na kuishi hapo pembeni na mkewe na watoto watatu. Mtu mkimya sana, na ukimya wake ndio ulioniwasha. Kisha nikaona jambo. Kila alipopeleka ndizi sokoni kwa baiskeli, alifunga tawi kubwa la mti nyuma ya keria, likaburutwa chini na kufagia barabara. Nikachutama kwenye vumbi kama mpelelezi. Alama za tairi zimefutika kabisa. Nikasema moyoni, huyu anafuta njia yake, na anayefuta njia ana mahali asipotaka tupajue.

Sikungoja. Nikawaambia walinzi wa kijiji. Wakasema Alhamisi watakuja kumchukua, na mtu wa namna hiyo hupakiwa kwenye lori yeye na familia yake wakarudishwa mpakani. Kule alikotoka, ndugu zake walikuwa wameuawa. Hilo nililijua, na bado nililala usingizi mzuri.

Jumatano nikamsimamisha juu ya mteremko, amebeba mikungu sita. Nikamwuliza tawi ni la nini. Akasema ndiyo breki. Nikacheka, maana breki ziko kwenye usukani, hata mtoto anajua. Akanionyesha za usukani: waya umekatika, raba zimelika zikaisha. Nikaona huo nao ni ujanja. Nikachukua panga, nikakata kamba ya tawi, nikamwambia nitaiteremsha mimi mwenyewe, na nikifika salama basi yeye ni mwongo.

"Bwana mdogo," akasema, "mzigo huu ukianza kwenda hutaupeleka wewe. Utakupeleka."

Nikapanda.

Mita kumi za kwanza nilikuwa mfalme. Ya ishirini upepo ukanivua kofia, na naapa kofia ile ilitua Burundi. Nikaburuza miguu, ndala zikaenda zake. Barabara ikakata kona, ndizi hazikukata. Tulikwenda moja kwa moja hadi mtaroni, gurudumu la mbele likasimama. Mimi sikuwa nimeambiwa kwamba tunasimama, nikaendelea kwenda upande uleule, mpaka nguvu nyingine ikanizuia, nayo ilikuwa kichuguu.

Melkiori ndiye aliyeshuka mbio akanibeba mgongoni hadi kwa shangazi. Shangazi akanifunga bega kwa khanga, bila pole hata moja, huku mimi nikimweleza tuhuma zangu zote.

"Mtu anayeficha njia yake," akasema, "anaichora kwa upana wa mkeka?"

Akakaza fundo la khanga.

"Na kule tambarare, uliona alama za tawi?"

Sikuwa nimeziona. Kule alikuwa analipakia tawi juu ya mzigo. Liliburutwa pale tu mlima unapoanza kushuka, na alama zikaishia pale unapokwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechutama juu ya alama hizo, nikasoma ujambazi mahali palipoandikwa kanuni yangu ya darasani.

"Basi ukaseme," akamaliza.

Nilidhani kusema ni kazi ndogo. Kumbe maneno yangu yalikuwa yameshafika kijiji cha pili, Nemba, na yalipoingia cha tatu, Nyantakara, Melkiori alikuwa tayari ana bunduki mbili na redio ya jeshi. Alhamisi walinzi walikuja na kamba, na nusu ya kijiji nyuma yao. Wakamfunga Melkiori mikono, mkewe akitazama. Nikaeleza habari za mlima na mzigo, wakasema nimegonga kichwa. Nikaeleza tena. Kiongozi wao akaniuliza kama niko tayari kutamka mbele ya wote kwamba msomi ndiye mjinga, na mkimbizi ndiye anayejua. Nikamgeukia Melkiori. Hakuna kijana wa kwetu aliyewahi kumwamkia mtu yule.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Mimi ndiye niliyekosea."

Aliinua uso, mikono ingali kambani.

"Marahaba," akasema.

Kiongozi akafungua kamba, polepole, kama mtu anayenyang'anywa kitu. Melkiori alibaki kwetu, lakini wapo waliomtazama kwa pembeni miaka mingi baadaye, na wapo wanaoniuliza mpaka leo kama kweli nilikuwa na hakika kwamba hakuwa jambazi.

Sikiliza basi, mwanangu. Ukimshuku mtu, mwulize kabla hujamsema, na ukimwuliza lisikilize jibu. Tazama alama zilizopo, tazama na zile zinazokosekana. Neno la shaka likishatoka linazidi mwendo kila nyumba linayopita, wala halisimami kwa sababu wewe umejuta. Lazima mtu asimame mbele yake alizuie, na anayestahili kuumia hapo ni yule aliyelisukuma. Mungu akujalie macho yasiyo na pupa, na siku utakapokosea akupe miguu ya kukufikisha mbele za watu, na ulimi wa kusema.