Maji Yaliyomeza Ndala

Juzi binti yangu aliniuliza, kwa ajili ya somo la jiografia, kama maji yanayozunguka mtoni ni janga. Nikamwambia ni hatari. Janga ni pale yanapomchukua mtu. Hapo nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kule Uru.

Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na mto ulinuka tope na maganda ya kahawa. Chini ya jiwe kubwa maji yalizunguka yakikoroma, yakaimeza ndala yangu. Niliamini kuna mnyama anakunywa, nikainama kumwomba anirudishie. Dada yangu Ndeshi akanivuta gauni kwa nguvu, sote tukaanguka matopeni.

“Wewe! Unataka kufa?”

“Kuna mnyama anakunywa, dada. Msikilize.”

“Hakuna mnyama. Ni maji, na yanaua.”

Nyumbani, mama alimsikiliza Ndeshi mpaka mwisho. Mimi nilingoja fimbo. Badala yake akanipakata, akaninywesha maziwa ya moto, kikombe kikitetemeka mkononi mwake. Leo nina watoto, najua kilichomtetemesha. Siku ile nilidhani kikombe kinamuunguza, nikampulizia vidole.