Karani wa Viapo

Karani wa viapo katika mahakama ya mji wetu, huku Ashanti, ana sauti ndogo mno. Nzi akipita, utamsikia nzi. Shahidi akimaliza kuapa, yeye huifuta Biblia kwa leso, polepole, na Kurani huirudisha katika kitambaa chake cheupe. Kabla ya kiapo humuuliza kila shahidi, "Unaapa kwa Biblia, kwa Kurani, au kwa mto?" Neno la mwisho hulimeza, maana yeye ni mzee wa kanisa, na mto wetu ni mungu wa kale ambao kanisa limekataza kuutaja; ulishamvimbisha mwongo tumbo hadi vifungo vikarukia ng'ambo.

Siku ile Boakye, aliyetaka kumtoa mjane wa kaka yake nyumbani, aliikamata Biblia kabla hajaulizwa.

"Lete, mzee, hii nimeizoea!"

"Uzoee na mto basi, shemeji!" mjane akamrushia. Watu wakacheka.

Karani hakuiachia Biblia. Akauliza upya, na safari hii mto akautaja kwa jina lake, kwa sauti iliyofika barabarani. Kicheko kikakatika. Boakye akaiachia Biblia.

"Nyumba waliijenga kaka na mkewe," akasema.

Jumapili iliyofuata karani alikaa benchi la nyuma kabisa, na hakwenda kushiriki meza ya Bwana.