Kipindi cha Kushuka

Siku mhandisi alipotuambia kwamba uwanja wetu utasawazishwa, nusu ya watu waliokuwa mkutanoni walipiga makofi, kwa sababu walidhani timu yao imepewa bao.

Halikuwa kosa la wajinga. Mhandisi alizungumza Kifaransa, na mkalimani wake, mtu wa pale pale Bunia, aliliacha neno lile kama lilivyotoka: "Anasema wata-egalize kiwanja." Kwetu neno hilo lilikuwa la mpira tu. Ku-egalize ni kurudisha bao. Na timu ya mashofere ilikuwa nyuma kwa bao moja tangu siku vita vilipoikatiza mechi yao na timu ya wachuuzi wa soko, zaidi ya mwaka mzima nyuma.

Lazima nieleze uwanja wenyewe. Ulikuwa na mteremko. Mgeni aliyesimama katikati asingeuona upesi, lakini mpira uliuona. Goli moja lilikuwa karibu na ukuta wa shule niliyofundisha, na tuliliita goli ya mulima. Jingine lilikuwa karibu na kijito, tukaliita goli ya mayi, yaani maji. Miguu ya milingoti ya juu ilikuwa sawa na mwamba wa goli la chini. Kwa hiyo kipindi chetu hakikuitwa cha kwanza wala cha pili. Kiliitwa cha kupanda au cha kushuka. Timu iliyofungwa ikipanda haikuhesabiwa kuwa imeshindwa, maana zamu yake ya kushuka ilikuwa inakuja. Watu walilichukua neno hilo hadi nyumbani. Aliyekuwa na kesi isiyokwisha, au mchuuzi aliyekaa mpaka mchana bila mteja, alisema, "Bado sijashuka."

Jukwaa letu lilikuwa kichuguu. Mashofere walikichonga ngazi kwa majembe, kila mtu na kiti chake. Lakini mchwa walikuwa bado wamo ndani, na kila msimu wa mvua walivifunika viti kwa udongo mpya, ikabidi vichongwe tena. Wachuuzi wa soko walikaa ng'ambo juu ya kreti za bia. Mimi nilikaa kwenye kichuguu, si kwa ushabiki, bali kwa sababu kilikuwa na kivuli cha ukuta wa shule.

Katika mechi ile mashofere walianza kwa kupanda. Kipa wao, aliyeendesha lori la mbao na mihogo kutoka Marabo na Irumu, alisimama kwenye goli la mayi. Mshambuliaji wa soko, muuza mitumba, alipiga mpira kutoka mbali. Ukadunda mara moja kwenye udongo mgumu, ukachukua mwendo wa mteremko, ukampita kipa juu ya kichwa akiwa amekwisha kuinama kuudaka. Kila mtu alicheka, na sababu ya kicheko ilijulikana: muuza mitumba alikuwa kaka wa mke wa kipa. Walisema shemeji amemlipa shemeji mahari iliyobaki.

Wakati wa mapumziko wachezaji walikuwa wanafyonza machungwa pembeni, na milio ya bunduki ikaanza nyuma ya vilima. Machungwa hayakumalizika. Mwamuzi alikimbia na mpira.

Nilikaa miezi kadhaa Beni kwa ndugu zangu. Niliporudi, mji ulikuwa umegawanyika, na mtu alipita mitaa fulani na kuiacha mingine kulingana na kabila lake. Familia zilizokimbia kutoka Djugu zilikuwa zimejenga vibanda kando ya uwanja na kupanda maharage mbele ya goli la mayi, mahali penye unyevu. Muuza mitumba alikuwa amevuka ziwa, akakimbilia nchi jirani. Kipa alibaki.

Ule utani wa shemeji nao ulikuwa umebadilika. Kabla ya vita ulikuwa utani. Sasa kipa na mke wake walihesabiwa kuwa wa pande mbili tofauti, na bao lile likawa swali. Aliniambia kwamba kwenye kizuizi kimoja mtu mwenye bunduki alimtazama, akamuuliza kama ni yeye aliyeuza mechi. Wenzake walicheka na kumwacha apite. Yeye hakucheka, na tangu siku ile hakuipenda tena safari ya upande ule.

Ndipo askari wa kigeni walipofika, na baada yao likaja shirika moja lenye mpango wa uwanja. Mhandisi aliwatandikia watu karatasi kubwa juu ya meza ya shule: uwanja tambarare, milingoti ya chuma, ngazi za saruji, uzio. Nitasema kweli, nilipoiona nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kuona kila mechi ikisimama ili mtu akautoe mpira kwenye kijito. Makofi yalipokwisha, mkalimani alieleza kwamba hakuna bao litakalorudishwa. Ni udongo wa juu utakaokatwa na kumwagwa chini. Kichuguu nacho kingeondoka. Kisha kipa akasimama.

"Bwana enjenieri," alisema, "siye hatukatai kiwanja mupya. Lakini ile goli walinifunga, ni mulima ilinifunga. Mukikata mulima, mutoto wangu atakuya hapa ataona kiwanja iko sawa. Ataniuliza: papa, ile mupira ilikupita namna gani?"

"Aulize mujomba wake," alisema mtu kutoka upande wa soko.

Watu walicheka, hata mashofere. Mhandisi alisubiri atafsiriwe, hakucheka, akauliza mtu huyu anataka nini hasa. Kipa alijibu kwamba anataka karante-senk minite tu: dakika arobaini na tano za kushuka, kabla mashine haijagusa chochote. Nahodha wa soko akasema hawachezi bila mfungaji wao, wasije wakaambiwa walikuwa pungufu. Hapo kipa aligeuka.

"Na miye simutaki mwingine," alisema. "Yeye apande, miye nikuwe kule juu. Watu waone kama ninamuachia."

Mhandisi aliandika kitu kwenye daftari lake. Alikubali kusubiri maharage yavunwe, maana asingefukia chakula cha watu, lakini si zaidi ya hapo.

Kuanzia siku ile kipa alipita kila jioni kuyatazama maharage yasiyo yake. Mama mwenye shamba alimwacha atazame, mpaka alipothubutu kumuuliza kama hayawezi kuvunwa mapema kidogo.

"Ingali na maua, papa," alisema mama. "Nikivuna sasa, watoto watakula mupira yako? Ngoja. Si hata siku ile ulingoja mupira mpaka ikakupita?"

Kipa alinihadithia hayo akitikisa kichwa. Yule mama alitoka Djugu, hakuiona mechi, wala hakujua mpira una wachezaji wangapi, lakini bao lile alilijua. Kesho yake kipa alirudi na jembe, akampalilia.

Shemeji alitumiwa ujumbe ng'ambo ya ziwa, na jibu lake lililetwa na wanawake wanaochuuza samaki wa ziwani. Alikuwa amekubali, na tayari alikuwa amevuka na kufika Kasenyi, upande wetu wa ziwa, akisubiri gari. Lakini barabara ya Bogoro, ya kutoka huko hadi Bunia, ilikuwa haipitiki, sehemu kwa kukosa usalama, sehemu kwa mashimo. Mke wa kipa aliniambia kwamba yeye anachotaka ni kumwona kaka yake, na kwamba wakitaka wacheze hata kwa chungwa.

Maharage yalivunwa siku ya Jumamosi. Mama aliyang'oa na mizizi, akayapigia juu ya turubai karibu na mlingoti. Mashine ya manjano ilikuwa imekwisha kufika na kuegeshwa kando ya ukuta wa shule. Jumapili mashofere walivichonga viti vyao upya, watu wa soko wakaleta kreti, na kipa akapanda akasimama kwenye goli la juu. Upande wa soko walikuwa kumi; shemeji hakuwa amefika, na mechi haikuanza. Tulikaa mpaka giza likaanza, kisha kila mtu akaenda kwao kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku.

Jumatatu mhandisi aliongeza wiki moja. Wiki ile haijakwisha, mashine ikahitajika kwingine: ilipelekwa kuitengeneza barabara ya Bogoro, ile ile ambayo shemeji alikuwa anaisubiri. Mhandisi alisema ikimaliza itarudi uwanjani moja kwa moja, na safari hii haitasubiri mtu.

Mwezi uliofuata nilihamia Beni na kazi yangu. Tangu hapo nimewauliza wasafiri wengi wa Bunia ni kipi kilichotangulia kufika, shemeji au mashine. Kila mmoja ananijibu bila kusita, na hakuna wawili wanaonisimulia kisa kimoja.